Wasomaji Wanauliza: Kahawa ya Nyanda za Juu za Sumatra

Swali: Shemeji yangu ameniletea pakiti ya kahawa kutoka Indonesia, imeandikwa Gayo. Ukiipika inanukia udongo uliopigwa na mvua, na uchachu wa kahawa yetu ya Kilimanjaro haumo kabisa. Imeharibika, au ndivyo ilivyo? – Msomaji, Sinza

Jibu: Ndugu msomaji, kwa maelezo yako ndivyo ilivyo. Gayo ni nyanda za juu za Aceh, kaskazini mwa kisiwa cha Sumatra, kuzunguka mji wa Takengon na ziwa Laut Tawar. Arabika ya huko hulimwa zaidi kati ya mita 1,200 na 1,600, mwinuko usiopishana sana na mashamba yetu ya Mbozi. Kwa hiyo usitafute sababu kwenye mlima. Itafute kwenye ukoboaji.

Kwetu, kahawa iliyooshwa hukaushwa ikiwa bado ndani ya lile ganda jembamba gumu, na haikobolewi mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 11 au 12. Gayo mvua haiwapi nafasi hiyo. Mkulima humenya matunda, huyaacha usiku kucha ili ute unaonata kwenye punje ulegee, huosha, huanika kwa saa chache tu, kisha huuza. Kahawa hukobolewa ingali na unyevu wa asilimia 30 hivi, punje ikiwa laini, na humalizia kukauka juani bila ganda. Wenyewe huita giling basah. Mkulima hupata fedha mapema. Mnywaji hupata kahawa nzito mdomoni, yenye uchachu mdogo na ladha ya mbao, tumbaku, viungo na kakao chungu.

Lakini punje isiyo na ganda haina kinga. Ikicheleweshwa kukauka, au ikirundikwa kwenye gunia ingali na unyevu, huota ukungu. Kupima ni rahisi: saga kijiko kimoja, mimina maji ya moto, subiri dakika 4, kisha nusa. Udongo mbichi, mwerezi, pilipili manga: kunywa. Uvundo wa gunia lililolowa, na ladha inayokwaruza koo hata kahawa ikishapoa: tupa. Wapo wauzaji wanaosema uvundo huo ndio sifa ya Sumatra. Msiwaamini.

Kwa birika la kioo lenye kichujio cha kusukuma, tumia gramu 15 kwa mililita 250, saga nene kama chumvi ya mawe, maji yatulie nusu dakika baada ya kuchemka, na uchuje baada ya dakika 4. Ukisaga laini sana utakunywa tope.

Swali: Nakaanga kahawa nyumbani kwa sufuria. Nimepata kilo 2 za Sumatra mbichi. Punje ni za kijani kilichoingia ubluu, nyingine zimepasuka nchani, na zikiwa motoni hazipati rangi sawasawa. Nakosea wapi? – Mkaangaji, Tabata

Jibu: Hukosei. Rangi hiyo hutokana na kukobolewa ingali na unyevu, na ncha zilizopasuka ni alama za mashine ya kukoboa kuibana punje laini. Zilizopondeka kabisa au zenye madoa meusi chambua kabla ya kuwasha jiko, maana moja tu huharibu kikombe kizima.

Kosa la wengi ni kungoja rangi ilingane. Haitalingana, na ukingoja utaunguza. Weka gramu 200, si zaidi, anza na moto wa wastani, koroga bila kupumzika, na usikilize mlio wa kupasuka. Kwa kahawa hii mlio huwa hafifu, hivyo zima redio. Ukishaanza, endelea dakika 2 hivi, epua kabla mafuta hayajatokeza juu ya punje, na upooze haraka kwenye ungo. Utabaki na gramu 170 hivi. Ukiipeleka mbali hadi ing'ae, viungo vyote hupotea, unabaki na majivu.

Kwa joto na unyevu wa Dar, hifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa, kabatini. Kwenye friji hapana: kila ukiitoa na kufungua, umande huingia.

Swali: Mandheling na Gayo ni kitu kimoja? Na je, naweza kuipika na tangawizi kama kahawa ya kijiweni? – Msomaji, Ilala

Jibu: Si kitu kimoja. Jina Mandheling limetokana na Wamandailing wa Sumatra Kaskazini, ila wafanyabiashara hulitumia kwa arabika ya sehemu nyingi za kisiwa hicho. Gayo ni jina linalolindwa kisheria nchini Indonesia, hivyo pakiti iliyotaja wilaya, kama Aceh Tengah au Bener Meriah, inakueleza zaidi kuliko iliyoandikwa Mandheling peke yake.

Tangawizi inapatana nayo vizuri, pengine kuliko kahawa zetu zenye uchachu. Ila chemsha tangawizi kwanza dakika 5, epua, ndipo utie kahawa na kufunika. Ukiiacha itokote makaani saa nzima kama ya kijiweni, utakuwa umelipia kahawa ghali ili unywe uchungu, na uchungu huo kijiweni unauzwa rahisi, pamoja na kashata.