Maswali ya Wazazi: Miezi 20 na Maneno Sita Tu

SWALI: Bi Mshauri, salamu. Mwanangu wa kiume ana umri wa miezi 20 na maneno yake hayazidi sita, ilhali binti wa jirani aliyezaliwa mwezi mmoja naye anaongea kama kasuku. Sisi huzungumza Kiswahili, bibi yake humsemesha Kigiriama, na babake humchanganyia Kiingereza. Jirani anasema lugha nyingi zimemvuruga. Mama mkwe anasema wavulana huchelewa, nisubiri. Mimi huuza mahamri, na nikiwa jikoni humpa simu atazame katuni ili atulie. Nimsikilize nani?
Mama mtoto, Kisauni

JIBU: Mwanangu, acha kwanza kumpima kwa mtoto wa jirani, kwa maana katika umri huu watoto wawili wenye afya njema hutofautiana sana kwa idadi ya maneno. Kabla ya kuhesabu anayoyasema, chunguza anayoyaelewa. Keti naye sakafuni penye vyombo viwili vitatu, kisha umwambie, "Niletee kikombe," bila kukitazama kikombe wala kukinyoshea kidole, kwa kuwa watoto ni hodari wa kufuata macho ya mama zao, na wazazi wengi hudhani mtoto ameelewa neno kumbe amefuata jicho. Wakati mwingine mwite kwa jina akiwa amekupa mgongo na ameshughulika na mchezo wake, bila kupiga makofi wala kumgusa. Angalia pia kama yeye mwenyewe hukuonyesha kwa kidole kitu kilichomfurahisha, paka ukutani au tuktuk ipitayo, kisha akageuka kukutazama usoni ajue kama nawe umekiona. Akiyafanya yote hayo, msingi wa lugha anao, hata ikiwa ulimi wake bado ni mzito.

Jirani amekosea. Kulelewa kwa lugha mbili au tatu hakumletei mtoto tatizo la usemi, na maneno yake huhesabiwa ya lugha zote kwa pamoja: akikwambia "maji" na kumwambia bibi yake "madzi", hayo ni mawili. "Gai" nalo ni neno, maadamu hulitumia kila aonapo gari. Bibi aendelee na Kigiriama chake, tena kwa wingi.

Mama mkwe ana nusu ya ukweli. Kwa wastani wasichana hutangulia kusema, lakini tofauti yenyewe ni ndogo, nayo haiwezi kuwa sababu ya kungoja mpaka mtoto afike miaka mitatu.

Kuhusu simu, Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, halipendekezi kumkalisha mtoto wa mwaka mmoja mbele ya skrini, na kwa mtoto wa miaka miwili linataka isizidi saa moja kwa siku. Katuni huzungumza bila kumngoja mtoto na bila kumjibu, na mtoto hujifunza kusema kwa kujibiwa. Sikulaumu, kwani najua simu hiyo ndiyo yaya wako. Lakini unapokanda unga jioni, mpe donge dogo naye akande, na useme mnachokifanya: "Tunakanda. Sukuma! Unga umekuwa laini." Akitamka "unga", mwongezee: "Ndiyo, unga mweupe," kisha unyamaze kidogo umpe nafasi ya kujibu. Usimlazimishe kwa "sema maji, sema!" huku umemshikia kikombe mbali naye, mtoto mwenye kiu hujifunza kulia tu. Wakati wa kuchoma mahamri ni habari nyingine kabisa: karai la mafuta na mtoto wa umri huu havikai jiko moja, kwa hiyo saa hiyo awe kwa bibi yake.

Sasa, lini uende kliniki? Ukiona haitikii jina, haelewi agizo jepesi, haonyeshi kwa kidole, au ameyapoteza maneno aliyokuwa nayo, nenda wiki hii na kitabu chako cha kliniki, uombe apimwe masikio, hasa ikiwa amewahi kutokwa na usaha sikioni. Ikiwa hana dalili hizo, lakini akatimiza miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili, kama "mama njoo", nenda vilevile. Wakati huo hakikisha kwamba alipata chanjo ya pili ya surua na rubela, ambayo hutolewa akiwa na miezi 18.

SWALI: Binti yetu ana miezi 14 na bado hatembei, ila husimama kwa kushika kiti. Tunaishi ghorofani, Mji wa Kale. Je, nimnunulie kigari cha magurudumu cha kujifunzia kutembea?
Baba, Mombasa

JIBU: Usinunue. Watoto wengi huanza kutembea peke yao wakati wowote kati ya miezi 8 na takriban 18, na bintiyo bado yumo ndani ya muda huo. Ukipita, mpelekeni akaangaliwe. Kigari hakimharakishi, na kwenye ngazi za mwinuko kama za nyumba za Mji wa Kale ni hatari tupu; Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004. Mwache atembee pekupeku akishika ukuta na viti, na fedha hizo umpe seremala akutengenezee kijilango juu ya ngazi.