Kitimoto mnaiogopa, kachumbari je?

Juzi dada mmoja kanitumia meseji, anasema "mi Muislamu, nguruwe hata harufu yake siijui, haya mambo yenu ya tegu yananihusu nini?" Ngoja nimjibu hapahapa maana najua mko wengi.

Kwa wasionijua, mi nina banda la kitimoto huku Mbeya, na wiki iliyopita nimekataa nguruwe mzima. Kashachinjwa, kashapasuliwa, kuangalia ulimi na paja naona vipunje vyeupe kama mchele vimejaa, nikamwambia mwenye mali huyu kwangu hapikwi. Akanicheka mbele za watu, eti najifanya daktari, eti wenzangu wanachukua na wateja hawafi. Neno hilo linaniuma mpaka leo. Siku hiyo jiko halikuwaka, wateja wakahamia kwa jirani, poa tu.

Sasa sikia. Ule mchele ni watoto wa tegu. Ukila nyama haijaiva wanakuwa tegu tumboni, mnyoo wa mita kadhaa, na mara nyingi husikii chochote, unadunda nao mtaani na kila ukienda chooni unaweza kutoa mayai. Mayai ndo balaa lenyewe! Akiyala nguruwe anayezurura anapata mchele, akiyala binadamu kwenye maji, kwenye mboga, kwenye mkono wa mtu asiyenawa, basi mchele unaota mwilini mwake yeye, mpaka kwenye ubongo, kifafa kinaanza na ukoo unaanza kutafuta mchawi.

Kwa hiyo dada yangu, kifafa hiki kinatoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu. Unaweza usiguse nguruwe maisha yako yote na ukakipata kwenye kachumbari ya chipsi mayai.

Kwangu nyama inachemshwa kwanza af ndo inakaangwa, anayesema "toa hivyohivyo" asubiri au aondoke. Mkata kachumbari akitoka chooni ananawa kwa sabuni nikiwa nimesimama namwangalia, wananiita mnoko, waite tu. Nguruwe nanunua wa kufungiwa bandani, wa kuzurura hata unipe nusu bei sitaki. Na nyie wenzangu wa biashara acheni tamaa jamani, mkienda kwa mfugaji kaangalieni choo cha familia yake kabla ya nguruwe. Ukihisi una tegu nenda hospitali, usijinunulie praziquantel duka la dawa, maana kama mchele umeshafika kichwani hiyo dawa inaweza kukuangusha kifafa.