Dawa ya filamu kugeuka rangi ya chai: salfaiti inafanya kazi gani hasa

Mkuu, umeuliza kwa nini D-76 (dawa ya kusafishia filamu za nyeusi na nyeupe) uliyochanganya mwenyewe imekuwa rangi ya chai ndani ya wiki mbili na salfaiti, ile chumvi ya kuikinga isiharibike, umeweka, na kama ni kweli salfaiti "inakula hewa".

Inakula, ila kazi yake kubwa ni nyingine. Haidrokwinoni, mojawapo ya kemikali mbili zinazotoa picha kwenye filamu, ikikutana na oksijeni hugeuka kwinoni, na kwinoni ndiyo adui: huchochea haidrokwinoni iliyobaki nayo iharibike upesi, mwisho vinaungana kuwa ule weusi wa kahawia. Salfaiti huidaka kwinoni pale pale inapotokea na kuigeuza salfoneti isiyo na rangi. Kichocheo kikiondoka, uharibifu unapungua kasi. Ndiyo maana salfaiti na haidrokwinoni vikiwa pamoja hunyonya oksijeni polepole kuliko kila kimoja kikiwa peke yake.

Kwa hiyo anza kukagua salfaiti yenyewe. Mchanganyo wa D-76 wa lita moja ni maji ml 750 ya nyuzi 52 za Selsiasi, metoli (kemikali ya pili ya kutoa picha) gramu 2, salfaiti gramu 100, haidrokwinoni gramu 5, boraksi gramu 2, halafu unajaza maji mpaka lita. Hizo gramu 100 ni za salfaiti kavu. Kama uliyouziwa ni ya chengachenga, yenye maji ndani, inatakiwa gramu 200. Ukipima 100 umeweka nusu tu. Na unga uliokaa kwenye mfuko wazi, sehemu yake imeshakuwa salfeti, haikingi kitu.

Metoli itangulie, kwa sababu haiyeyuki vizuri kwenye salfaiti nyingi. Lakini kabla yake tia salfaiti kidogo, ya ncha za vidole, ili metoli isianze kuharibika ukiwa bado unakoroga. Koroga taratibu, povu ni hewa.

Chupa iwe ya kioo, au ya plastiki ngumu ya soda. Zile laini za kuminya zinapitisha oksijeni. Gawa kwenye chupa ndogo na ujaze hadi shingoni. Kodak, wenye D-76, wanatoa miezi 6 kwa chupa iliyojaa, 2 kwa iliyofika nusu.

Usiamini rangi peke yake. Salfaiti ikidaka kwinoni inaacha magadi makali majini, hivyo dawa safi kwa macho inaweza kuwa imeongezeka nguvu, na negativu zikatoka na kontrasti (tofauti ya weusi na weupe) kubwa kuliko ulivyozoea. Kabla ya filamu ya maana, kata kipande cha mwanzo wa filamu, kitumbukize kwenye dawa mwangaza ukiwepo. Kisipokuwa cheusi tii ndani ya dakika chache, mwaga.