Jibu: chipu moja ya 500 bila kusema neno

Mkuu, umeuliza kwa nini mgawa karata wa poka alihesabu umefuata tu (umelipa dau la mwenzako bila kuongeza), wakati dau lilikuwa 100 nawe ukaweka chipu ya 500, kile kidude kinachowakilisha pesa mezani, ukitaka kupandisha. Hakukuonea. Kwenye poka ya mezani, chipu moja kubwa ikiwekwa kimya mbele ya dau la mwenzako ni kufuata. 400 inarudi kwako. Tamka kwanza "napandisha, 500", ndipo uguse chipu. Na usisukume chipu kwa mafungu mawili bila kutaja kiasi: linahesabiwa la kwanza tu, maana katikati ya hayo mawili ungepata nafasi ya kumsoma mwenzako usoni.

Kuhusu kusoma watu, tazama macho yao yanaelekea wapi. Anayetupia jicho chipu zake mara tu karata tatu za katikati zinapofunuliwa, mara nyingi zimemkubali. Ili upate nafasi ya kuwatazama wenzako, karata zako uziangalie zamu yako ikifika, si kabla.

Maongezi nayo: ukishatupa karata, usiuzungumzie mgao huo hadi uishe. Hata kuguna 8 inapotoka kunawaambia waliobaki kwamba ulitupa 8, na hapo umeshachezea pesa za watu.