Jibu kwa mnaosema nimefika

Mama Mdogo, na nyote mnaoandika "umeshafika Uingereza, utukumbuke": kufika nimefika, makaratasi bado. Anayeomba hifadhi hapa haruhusiwi kufanya kazi. Ombi likikaa miezi 12 bila jibu, na kuchelewa kusitokane naye, anaweza kuomba kibali. Hata akikipata ni kwa kazi chache zilizo kwenye orodha ya serikali. Huo "mshahara wa wakimbizi" mnaousikia ulikuwa paundi 49.18 kwa wiki mwaka 2024, kwa anayejipikia. Anayelishwa hotelini hakufikisha hata 10. Hebu gawanyeni kwa siku 7. Nauli ya basi ni paundi 3 kwenda, 3 kurudi. Ibada ya Jumapili na maombi ya Jumatano yameshakula 12, na unga hujanunua. Humo ndimo mnamotaka ada ya muhula itoke.

Mnatuambia tumngoje Bwana. Amina. Ila acheni kututumia sauti za nabii anayedai sadaka ya "mbegu" ili mlango ufunguke. Faili la mtu halisogei kwa mbegu. Yusufu alimtumaini Mungu gerezani, na bado alimwomba mnyweshaji wa Farao amtaje kwa bwana wake. Yule akatoka, akamsahau miaka 2 mizima. Hapo ndipo mimi napata nguvu, maana Yusufu hakukaa kuhesabu kuta. Kazi za mle gerezani zote zilikuwa mikononi mwake.

Hapa kazi yenyewe ni barua. Ukihamishwa nyumba, na huulizwi, leo Croydon kesho Middlesbrough, wape Home Office (wizara ya mambo ya ndani, ndiyo inayoamua maombi) na wakili anwani mpya siku hiyohiyo, ubaki na nakala. Barua ya mahojiano ikienda ulikohama nawe usitokee, ombi linaweza kuhesabiwa umeliacha. Ukikataliwa, rufaa ni siku 14, na zinahesabiwa tangu uamuzi ulipotumwa. Mtu akiweka bahasha chini ya Biblia siku 10 "akiombea kwanza", amebakiwa na siku 4 za kumpata wakili. Fungua, soma, ndipo upige magoti nayo mkononi.

Siku ya mahojiano utaulizwa kama mnaelewana na mkalimani. Kiswahili cha Bukavu kina Kifaransa ndani yake. Mkalimani wa Mombasa anaweza kukipindua bila nia mbaya. Humwelewi? Sema palepale, usione haya. Tarehe usiyoikumbuka, sema hukumbuki. Ukiibuni italinganishwa na maneno yako ya siku ya kwanza, na wengi huangukia hapo, hata wenye kisa cha kweli kabisa.

Kwa mnaotaka kuja: msije. Anayekimbiza hela abaki, atazeeka dirishani. Lakini aliye hatarini akimbie, siwezi kumfungia njia, na akishafika asikate tamaa. Miezi 6 ikipita, huku England anaweza kupata darasa la Kiingereza bila ada. Kujitolea kwenye shirika la hisani bila malipo kunaruhusiwa tangu mwanzo. Nendeni hata kama kichwa hakishiki kitu. Kulala mchana kutwa chumbani kunamaliza imani kuliko baridi. Na kazi ya kuosha magari kwa siri muikimbie: tajiri akikunyima ujira, utamshtaki wapi?

Mama Mdogo, nisamehe ukali. Maombi ya Jumatano msiyakatishe, nayategemea. Ila wiki hii nitafutieni ile hati ya polisi na cheti cha kuzaliwa. Pigeni picha pande zote mbili, nje kwenye mwanga, kivuli cha simu kisianguke juu ya muhuri. Kisha tumeni karatasi halisi zenyewe kwa posta, jina la mtumaji liandikwe wazi kwenye bahasha. Wakili anaitaka hata bahasha yenyewe, stempu zikionekana.