Jibu kwa mleta mada: moshi wa dizeli, mdogo wako na hayo maziwa

Mkuu, umesema mdogo wako anajifunza ufundi kwenye gereji ya malori, jioni anarudi kichwa kinamgonga, akipenga kamasi linatoka jeusi. Humu wengi wamekushauri anywe maziwa asafishe kifua. Mimi ni fundi wa dizeli wa siku nyingi, nakujibu kwa niliyoyaona na niliyoyasoma.

Maziwa anywe kama anayapenda, ni chakula. Ila yanakwenda tumboni, na masizi yako kwenye mapafu. Kinachoniuma ni mabosi wanaomgawia fundi pakiti ya maziwa huku injini zinaendelea kunguruma ndani ya banda, wakiamini wameshamkinga.

Kamasi jeusi ni masizi makubwa makubwa yaliyonaswa puani. Ya kuogopa ni yale asiyoyaona. Chembe nyingi za moshi huu hazifikii hata sehemu ya mia ya unene wa unywele, kwa hiyo zinashuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na zile ndogo zaidi zinaingia kwenye damu. Ndiyo maana moyo nao unaumia, si kifua peke yake. Gesi ya naitrojeni dayoksaidi inawasha koo na kumwamsha mwenye pumu. Kichwa nacho, kama kinapoa akikaa nje kwenye hewa safi, shuku kaboni monoksaidi: haina rangi wala harufu, na inashika nafasi ya oksijeni kwenye damu. Dizeli inaitoa kidogo kuliko petroli, lakini kwenye banda lililofungwa inajikusanya.

Kuhusu saratani, Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliuweka moshi wa dizeli kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani, pamoja na moshi wa sigara. Tangu 1988 ulikuwa kwenye kundi la "huenda". Ushahidi mzito ulitoka kwa wachimba migodi wa Marekani waliofanya kazi chini ya ardhi na mitambo ya dizeli. Saratani yenyewe ni ya mapafu. Haina maana kijana ataugua. Hatari inapanda kadiri moshi unavyozidi na miaka inavyokwenda, na yeye ndiyo kwanza anaanza.

Sasa muulize asubuhi kunakuwaje hapo kazini. Kwenye malori saa mbaya ndiyo hiyo: injini ya baridi inawashwa, haijashika moto, mafuta hayaungui vizuri, na gari linaachwa likiunguruma ndani ili lijaze upepo wa breki, maana breki za lori zinaendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa. Banda zima linakuwa bluu, na vijana wako chini ya chasisi. Sisi tuliacha mtindo huo. Upepo tunajaza kwa kompresa ya gereji, yaani mashine ya kushindilia hewa, lori linawashwa pale linapotolewa tu. Ikilazimu kupima injini ndani, tunavalisha ekzosi bomba linalostahimili joto, mdomo wake unatoka nje mbali na madirisha. Gari linalotema moshi mweusi tunaanza na chujio la hewa na nozeli, zile zinazopuliza mafuta ndani ya injini, kabla ya kitu kingine.

Barakoa ya kitambaa, au ile ya bluu ya hospitali, haimsaidii kitu cha maana. N95, ile barakoa nzito ya kuchuja chembe ndogo, ikikaa vizuri usoni inazuia masizi, ila gesi zinapita.

Akikohoa wiki mbili aende hospitali. Watampima TB, na wako sahihi kumpima, lakini aseme mwenyewe kazi anayofanya na kwamba anavuta moshi kutwa. Mwenzetu mmoja alimeza antibayotiki mara kwa mara kwa kikohozi cha usiku. Siku alipoeleza kazi yake ndipo daktari akampima kwa kupuliza kifaa, ikaonekana pumu.

Bosi akikataa bomba na kompresa, mtafutie gereji ya uwanja wazi. Ufundi atakaoupata ni ule ule. Na kichwa kikimgonga akiwa kazini, atoke nje hapo hapo, asisubiri jioni.