Kutoka klabu ya mji mdogo hadi AFL: kwa kijana anayeanza

AFL ni ligi kuu ya mpira wa Australia, unaochezwa kwa mikono na miguu. Kama familia yenu imehamia Mildura au Shepparton, miji ya jimbo la Victoria, ambako Warundi na Wakongo wapo, usikimbilie Melbourne ili uonekane. Anza na klabu ya mji wenu. Wanaofanya vizuri kwenye ligi ya wilaya huitwa timu ya kanda ya vijana, ile inayocheza Talent League: wa Mildura huenda Bendigo Pioneers, wa Shepparton huenda Murray Bushrangers. Dustin Martin wa Castlemaine alipitia Pioneers, na mwaka 2009 Richmond, klabu ya AFL, ikamchukua akiwa chaguo la 3 kwenye drafti, yaani zoezi la kila mwaka ambapo klabu huchagua wachezaji wapya kwa zamu.

Waliokulia kwenye soka huwa na mbio na pumzi. Kinachowaangusha ni upigaji. Mpira huu wa umbo la yai hupigwa ukiwa unatoka mkononi. Ushike kwa mikono miwili mbele ya paja la mguu unaopiga, nyuzi za mpira zikitazama mbele. Uachie kwa mkono wa upande wa mguu huohuo, mwingine ukiwa umeshatoka. Nyoosha vidole vya mguu, upige kwa mgongo wa kiatu, mpira uzunguke kinyumenyume. Kosa kubwa ni kuurusha juu kwanza: unapinda hewani, unagonga kiatu kiubavu, unakwenda pembeni. Ushushe tu, tena karibu na mguu. Anzia mita 15, maana pasi ya mguu isiyofika hapo ikidakwa haimpi mdakaji haki ya kusimama na kupiga bila kubughudhiwa. Mguu dhaifu uupe muda uleule. Beki hodari atakusukuma upande huo kila mara.

Umbali nao usiuchukulie kirahisi. Mildura hadi Bendigo ni kama kilomita 400. Kabla ya kukubali nafasi, mzazi amuulize kocha mazoezi gani yanaweza kufanyika karibu na nyumbani, nani anagharamia safari, na shule itapangwaje.

Drafti hufanyika Novemba, na sharti uwe umetimiza miaka 18 kufikia Desemba 31 ya mwaka huo. Usipochaguliwa, nenda ligi ya jimbo: VFL (Victoria), SANFL (Australia Kusini) au WAFL (Australia Magharibi). Aliir Aliir, mzaliwa wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, alichukuliwa na klabu ya Sydney mwaka 2013 akiwa na miaka 19, akitokea East Fremantle ya WAFL. Klabu huendelea kuwafuatilia wachezaji wa ligi hizo, na siku hizi kuna drafti nyingine katikati ya msimu.